Je, Wajua? Watakatifu Waliookolewa kwa Rangi ya Maji

Safari hii tunafuata brashi. Tunaanzia Mombasa, tunavuka bahari hadi New Mexico kule Marekani, tunarudi kwa njia ya mto Nile mpaka Gondar, na tunamalizia Kondoa. Kote huko kuna kazi moja ya subira: mtu anakaa mbele ya sanamu au picha ya zamani na kuinakili kwa rangi, mstari kwa mstari, ufa kwa ufa, kabla moto, mafuriko au mitindo mipya haijaifuta. Msomaji wa Songea atashangaa jinsi safari hii inavyopita jirani na kwake.

Ngome ya Mombasa iliamriwa na mfalme wa Hispania

Shuleni tulifundishwa kwamba Fort Jesus ni ya Wareno, na ni kweli. Lakini kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno na Hispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, na ujenzi wa ngome ulipoanza mwaka 1593 aliyekalia kiti alikuwa Felipe II wa Hispania. Miaka 5 baadaye, mwaka 1598, walowezi wakiongozwa na Juan de Oñate waliingia New Mexico kwa jina la mfalme huyohuyo, miezi michache tu kabla hajafa. Fikiria hilo: mtu mmoja, ambaye hakukanyaga Mombasa wala Amerika, ndiye chanzo cha makanisa katika pande mbili za dunia.

Tena Mombasa ina picha zake. Kwenye ukuta ndani ya ngome hiyo, askari au mabaharia Wareno wa zamani zile walichora kwa mkaa na udongo mwekundu: meli, watu, samaki, hata kanisa. Wanaakiolojia waliukuta ukuta huo, na leo michoro hiyo inaonekana katika makumbusho ya ngome. Hawakuwa wasanii waliosomea. Walikuwa watu waliokwama kwenye zamu ndefu, mbali na nyumbani, wakichora walichokikumbuka, na mimi nawapenda kwa hilo.

Tembo wa pwani yetu waligeuka kuwa watakatifu

Katika karne ya 17 mafundi wa Goa, India, walichonga sanamu za Yesu na Bikira Maria kwa pembe za ndovu, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka pwani ya Afrika Mashariki, hasa Msumbiji. Sanamu iliyopendwa kuliko zote ilimwonyesha Yesu mtoto, mchungaji, amelala fofofo juu ya kilima kilichojaa kondoo. Nyingine zilifika Ulaya, na leo zimo kwenye makumbusho makubwa. Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji, kwa hiyo jirani yetu ana hisa katika sanaa hiyo.

Mtakatifu wa mbao alipakwa jasi kabla hajapakwa rangi

New Mexico ilikuwa mbali mno. Misafara ya magari ya kukokotwa kutoka Mexico ilichukua miezi, na sanamu za madukani zilifika kwa nadra. Basi mafundi wa vijijini wakajitengenezea watakatifu wao. Sanamu zilichongwa kwa mizizi ya mti laini uotao kandokando ya mito, na picha zilichorwa kwenye mbao za msonobari zilizosawazishwa kwa tezo na kisu. Kwanza fundi alisaga jasi, akaichanganya na gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, akaupaka ubao tabaka juu ya tabaka hadi ukawa mweupe na laini. Jasi ni ileile inayochimbwa kwetu Makanya, wilayani Same. Kisha zikaja rangi: udongo, mkaa, mimea na nili. Mwisho kabisa alipaka utomvu wa msonobari ili uso ung'ae.

Ukitazama mbao hizo kwa karibu utaona mistari myeusi iliyochorwa kwa mkono mwepesi, macho makubwa yanayokutazama moja kwa moja, na mipasuko midogo pale jasi ilipokauka na kukatika. Baadhi ya mafundi tunawajua kwa majina, kama Pedro Antonio Fresquís na José Rafael Aragón. Wengi hawakuweka sahihi.

Kuna mtakatifu ambaye ng'ombe wake walilima bila yeye

San Isidro, msimamizi wa wakulima, huonyeshwa akiwa amesimama anasali huku malaika mdogo akiendesha jembe la ng'ombe nyuma yake. Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei, na wanavijiji wa New Mexico walikuwa wakimbeba kwa maandamano kupitia mashambani kuombea mvua na mavuno. Mkulima wa mahindi wa Namtumbo au Mbinga hahitaji kuelezwa ombi hilo.

Kifo kilipanda mkokoteni

Katika Wiki Takatifu, waumini wa undugu fulani wa toba huko New Mexico walivuta mkokoteni wa mbao ambao ndani yake aliketi Mauti: mifupa mitupu ya kuchonga, yenye upinde na mshale mkononi. Mara nyingi mkokoteni ulijazwa mawe ili uwe mzito. Wataalamu wa sanaa wa leo huuhesabu kati ya kazi za kuchonga zenye nguvu kuliko zote zilizotoka eneo lile, nami naafiki. Hata picha yake tu kwenye kitabu inasimamisha nywele.

Nusu kilo ya wekundu ni wadudu wengi kuliko viti vya Uwanja wa Mkapa

Rangi nyekundu ya thamani kuu katika himaya ya Hispania ilitoka kwa mdudu mdogo aishiye juu ya mpungate, ule mmea wa miiba wenye majani bapa. Ratili moja ya rangi kavu, yaani karibu nusu kilo, hutaka wadudu wapatao 70,000, wakati Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000. Wakati wa ukoloni, rangi hii ilikuwa bidhaa ya pili kwa thamani iliyotoka Mexico, baada ya fedha yenyewe. Ilipaka mavazi ya maaskofu, na vumbi lake lilifika hadi kwa mafundi wa watakatifu wa New Mexico.

Mdudu wa ukoo huohuo yupo Afrika Mashariki pia. Kule Laikipia, Kenya, mpungate wa kigeni umevamia malisho ya mifugo, na miaka ya karibuni watafiti wameachia huko binamu wa mdudu wa rangi ili aule. Ukimponda kwa kidole, kidole kinabaki chekundu.

Reli na plasta viliwaondoa watakatifu makanisani

Adui wa sanaa hii hakuwa vita. Mapema katika karne ya 19 wakaguzi wa Kanisa tayari walikuwa wameagiza picha zilizochorwa kwenye ngozi za wanyama ziondolewe, kwa kuwa waliona hazistahili altareni. Mwaka 1851 akaja Jean-Baptiste Lamy, Mfaransa, baadaye askofu mkuu wa Santa Fe, aliyeleta mapadri na ladha za Ulaya. Reli ilipofika mwaka 1880, ikashusha sanamu za plasta na picha za kuchapwa kwa bei ndogo. Watakatifu wa mbao wakahamia stoo, wengine wakauzwa kwa watalii, na wengine wakaachiwa fukusi. Haya yalifanyika bila chuki yoyote. Watu walitaka tu kanisa lao lionekane la kisasa.

Nakala 10,000 za michoro zilipakwa rangi kwa mkono

Miaka ya 1930 uchumi wa dunia ulianguka, na serikali ya Marekani ikawaajiri wasanii wasio na kazi ili wasife njaa. Mmoja wao, New Mexico, alikuwa mwanamke aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1903 kwa jina la Elizabeth Boyd White, ambaye maisha yake yote ya kazi aliweka sahihi "E. Boyd" tu. Alizunguka kwenye makanisa ya vijijini na kwenye mikusanyo ya watu, akiketi mbele ya kila mtakatifu na kumpaka kwa rangi ya maji, pamoja na makosa ya fundi, doa la moshi wa mishumaa na kidole kilichovunjika.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1938 likatoka jalada la michoro 50, nakala 200. Hakukuwa na pesa ya kuchapa kwa rangi, kwa hiyo ilichapwa mistari, kisha wasanii wakapaka rangi kila karatasi kwa mkono. Hamsini mara mia mbili ni 10,000. Sina budi kusema kwamba hii ndiyo habari iliyonifurahisha kuliko zote katika toleo hili: wakati ambapo nchi nzima haikuwa na kazi, kikundi cha watu kilikaa kikipaka tena na tena mashavu ya San Isidro na joho la Bikira Maria, kwa mshahara. E. Boyd hakuacha. Mwaka 1951 akawa msimamizi wa sanaa hiyo katika makumbusho ya New Mexico, na kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1974, mwaka aliofariki.

Kamera ilikuwepo, lakini ilishindwa

Mradi mama wa kazi ile ulizaa picha za rangi ya maji zipatazo 18,000 kati ya 1935 na 1942, na leo zimo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Ukitazama moja kwa dakika moja, bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 12 na nusu. Mbona wasipige tu picha? Filamu ya rangi ilikuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni, ghali na yenye rangi zisizoaminika. Tena kamera hunasa mng'ao wa taa juu ya varnishi, na huficha kilichomo kivulini. Mchoraji hutembea kuzunguka sanamu, huigusa, huona mshono wa kiungo, kisha huonyesha yote hayo kwa pamoja. Kila kitu kilichorwa peke yake katikati ya karatasi tupu, bila pazia wala meza, na ukitazama picha hizo unaweza kudhani ungeweza kukishika kitu chenyewe.

Ufundi huo ulitoka makaburini kando ya Nile

Namna ile ya kunakili kwa usahihi wa kutisha ililetwa kwenye mradi wa Marekani na Suzanne Chapman, mchoraji wa idara ya Misri katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Njia zake zilikuwa zile zilizotumiwa kunakili michoro na vitu vya Misri ya kale. Kwa hiyo watakatifu wa New Mexico waliokolewa kwa ufundi uliokomaa barani Afrika.

Na kama unamjua Howard Carter, aliyefukua kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, basi jua kwamba hakuanza na sururu. Alifika Misri mwaka 1891 akiwa na miaka 17, kazi yake ikiwa kunakili michoro ya makaburi ya Beni Hasan kwa brashi. Miaka 31 kabla ya dhahabu, alikuwa kijana mwenye kisanduku cha rangi.

Kila picha ya rangi ya maji imeshikwa na mti wa Afrika

Rangi ya maji ni unga wa rangi uliochanganywa na gundi inayoyeyuka majini, na gundi hiyo ni utomvu wa mgunga. Sudan ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na hapa Tanzania huvunwa pia katika mikoa ya kati. Utomvu huohuo hutumika kwenye vinywaji baridi. Bila mgunga, unga wa rangi ungekauka na kudondoka kwenye karatasi kama vumbi. Rangi hii ina tabia nyingine inayonipendeza: haihitaji nyeupe. Mchoraji hodari huacha karatasi wazi pale mwanga ulipo, kwa hiyo mng'ao kwenye paji la uso la mtakatifu ni karatasi yenyewe inayochungulia.

Gondar: nakala ilibaki ukutani, picha halisi ikaenda Paris

Hapa nakala ilifanya kazi nyingine kabisa. Mwaka 1932 msafara wa Wafaransa, ukiongozwa na Marcel Griaule na ukivuka Afrika kutoka Dakar hadi Djibouti, ulifika Gondar, Ethiopia. Nje ya mji kulikuwa na kanisa dogo la Abba Antonios, lenye asili ya karne ya 17. Kuta zake za ndani zilifunikwa na picha za watakatifu, malaika na wapanda farasi, zilizochorwa kwenye kitambaa cha pamba kilichogandishwa ukutani. Paa lilikuwa linavuja na picha zilikuwa zinaharibika.

Msafara ulikuwa na mchoraji, Gaston-Louis Roux. Alikaa humo akinakili picha hizo, sura kwa sura. Kisha picha halisi, zenye eneo la kama mita za mraba 60, zikabanduliwa ukutani na kukunjwa, na nakala za Roux zikawekwa mahali pake. Zile za asili zilisafirishwa kwenda Paris, na leo zimo katika makumbusho ya quai Branly.

Wapo wanaosema zingeoza kama zingebaki. Huenda. Lakini muumini wa Gondar aliyeingia kusali baada ya hapo alisali mbele ya kazi ya Mfaransa, wakati picha walizobusu babu zake zikitazamwa kwa tiketi mbali na kwao. E. Boyd alinakili watakatifu akaondoka na karatasi. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini.

Mtakatifu Ana wa Nubia ameweka kidole mdomoni

Faras, kaskazini mwa Sudan, kulikuwa na kanisa kuu lililofunikwa na mchanga kabisa, hata watu walilidhani ni kilima. Mwaka 1961 Wapolandi wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walianza kulifukua huku maji ya ziwa la bwawa la Aswan yakikaribia. Walikuta kuta zimejaa michoro ya Kikristo, mingine ya karne ya 8. Hapa brashi peke yake isingetosha, maana ukuta wenyewe ulikuwa unakwenda kuzama. Michoro zaidi ya 100 ilibanduliwa, ikagawanywa kati ya Khartoum na Warsaw. Maarufu zaidi ni sura ya Mtakatifu Ana, mama yake Maria, akiwa ameinua kidole kimoja na kukiweka juu ya midomo. Faras yenyewe sasa iko chini ya maji.

Kanisa la Peramiho liliwahi kuteketezwa

Watawa Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Wakati wa Vita vya Majimaji, mwaka 1905, misheni yao iliteketezwa, na mwanzilishi wake, Cassian Spiss, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliuawa tarehe 14 Agosti mwaka huohuo njiani kuelekea Liwale. Kanisa kubwa la abasia unaloliona leo lilijengwa kati ya 1943 na 1948, nusu ya muda huo dunia ikiwa vitani. Kwa hiyo vitu vya altare, madirisha na sanamu vya eneo letu vina historia inayoweza kupotea kwa moto wa usiku mmoja. Kijana wa Songea mwenye kisanduku cha rangi, rula na ruhusa ya paroko ana vyote alivyokuwa navyo E. Boyd.

Mama wa simba alikuwa mchoraji kwanza

Joy Adamson, yule wa simba jike Elsa, alipewa kazi na serikali ya Kenya mwaka 1949 kuchora watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya jadi kabla hayajaachwa. Alichora mamia ya picha, na nyingi ziko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Shanga, ngozi, mikuki na vilemba alivyochora ni kumbukumbu ambayo wajukuu wa waliochorwa wanaweza kuitumia kushona upya.

Kondoa: michoro 1,600 kwa miezi 3

Mwaka 1951 Mary Leakey, ambaye dunia inamjua kwa mafuvu ya Olduvai, alipiga kambi Kondoa na kunakili takribani sura 1,600 za michoro ya mapangoni. Njia yake ilikuwa rahisi na ya taabu: alibandika karatasi angavu ya selofani juu ya mwamba, akafuata kila mstari, kisha kambini akaichora upya kwa kipimo kidogo na kuipaka rangi akilinganisha na ile aliyoiona kwenye jiwe. Watu warefu wembamba wenye nywele za ajabu, twiga, tembo, pofu. Kazi hiyo ilisubiri hadi 1983 ndipo ikatoka kuwa kitabu kikubwa cha rangi, na mwaka 2006 UNESCO ikaiweka michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia.

Kwa yeyote anayetaka kushika kitabu mkononi na kulinganisha na mwamba wenyewe: kutoka Songea pita Njombe, Makambako, Iringa na Dodoma hadi Kondoa mjini, kisha endelea kaskazini kwa barabara ya Babati mpaka kijiji cha Kolo. Huko utapata mwongozaji wa kukupandisha mlimani. Vaa viatu vinavyoshika, maana njia ya kupanda ni ya mawe matupu.